Hita ya Maji Nyumbani: Lini Itengenezwe, Lini Ing'olewe

Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na asubuhi kuwa na ubaridi, hita za maji zilizokaa kimya miezi mingi katika nyumba za Wadi ya Ramisi huwashwa tena. Nyingine hufanya kazi kama kawaida. Nyingine hutoa maji ya rangi ya chai, huangusha breka, hudondosha maji kwenye dari, au humchapa mtu shoti akigusa mfereji. Fundi akiitwa, mmoja husema koili ibadilishwe, mwingine husema hita yote ing'olewe. Pesa zinazotenganisha majibu hayo mawili si kidogo, na panapokuwa na shoti, linalohusika ni uhai wa mtu.

Wapo wanaouliza kwa nini mkazi wa Pwani ahitaji hita hata kidogo. Tangi jeusi lililo juu ya paa hupata joto la kutosha adhuhuri, na watu wengi hapa huoga maji ya mfereji mwaka mzima bila kulalamika. Lakini mama aliyejifungua hukandwa kwa maji moto, mtoto mchanga huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, na mzee mwenye maumivu ya viungo haogeshwi kwa maji ya tangi saa kumi na moja alfajiri. Wenye vyumba vya wageni kuanzia Diani hadi Shimoni nao wanajua kwamba mgeni akikosa maji moto, harudi. Kwa hiyo hita zipo, nazo huzeeka.

Zinavyozeeka ndilo jambo la kwanza kuelewa. Muuzaji dukani akiulizwa hita ya tangi hudumu miaka mingapi, kwa kawaida hutaja kati ya 8 na 12. Si uongo, ila ni hesabu ya mahali penye maji matamu. Ramisi, kalenda peke yake haitoshi kuamua. Kinachoamua zaidi ni maji yanayopita ndani ya hita.

Maji ya Ramisi yalivyo

Wakazi wanaoishi karibu na Mto Ramisi wanajua kwamba maji yake yana chumvi hata mbali na mahali bahari inapofika. Sababu iko ardhini. Nyuma ya ukanda wa pwani kuna miamba ambayo wanajiolojia wenyewe waliipa jina la Kiswahili, Maji ya Chumvi, kwa kuwa maji yanayopita ndani yake hubeba chumvi. Kuna pia chemchemi za maji moto za Mwananyamala, kwenye eneo la mlima Jombo, ambako ardhi yenyewe hutoa maji ya moto yenye chumvi bila hita wala bili. Upande wa bahari, visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe viko karibu na maji ya bahari yaliyojipenyeza chini, na kadiri kisima kinavyotekwa sana wakati wa kiangazi ndivyo chumvi inavyopanda. Pengine nyumba moja ina maji matamu na ya jirani, hatua 200 tu kutoka hapo, ina maji yasiyonyweka.

Kwale ililisoma somo hili la chuma na maji zamani. Pampu ya mkono ya Afridev, ambayo leo iko katika vijiji vya nchi nyingi za Afrika, ilifanyiwa majaribio katika visima vya hapa katika miaka ya 1980. Mojawapo ya mambo yaliyoitofautisha na pampu zilizoitangulia ni kwamba bomba lake la kupandishia maji ni la plastiki, si la chuma, ili lisiliwe na kutu. Hita ya maji haina bahati hiyo. Tangi zake nyingi ni za chuma, maji yake ni ya moto, na joto huharakisha kila kitu ambacho chumvi ingefanya polepole.

Maji ya hapa huleta madhara ya aina mbili, na ni vizuri kuyatenganisha. Kuna chumvi, ile inayohisiwa ulimini, ambayo hutoboa chuma. Na kuna chokaa, ambayo huacha ukoko mweupe kwenye sufuria na birika, na kuizuia sabuni isitoe povu. Chumvi huua tangi. Chokaa huua koili. Nyumba nyingi za ukanda huu zina vyote viwili.

Kupima si kazi ngumu. Maji ambayo mtu anaweza kuionja chumvi yake kwa ulimi, mara nyingi yamefika au kupita miligramu 250 za kloraidi kwa lita, kiwango ambacho chuma cha hita tayari kinataabika. Mita ndogo ya kupimia TDS, inayotumiwa na wachimba visima na wauza mashine za kusafisha maji, humpa mtu namba kwa sekunde chache. Ikisoma zaidi ya 1,000, hita ya kawaida isitarajiwe kufika miaka iliyotajwa dukani. Kabla ya kununua, inafaa pia kusoma karatasi ya dhamana: aghalabu ina mstari unaosema dhamana haihusu uharibifu uliotokana na maji ya chumvi, na huo ndio uharibifu utakaotokea.

Shoti bafuni haisubiri mwisho wa mwezi

Hita iliyoenea zaidi katika nyumba za kupanga za Ramisi, Msambweni na Ukunda si ya tangi. Ni ile shawa ya umeme, kichwa cha plastiki kinachochemsha maji yakipita. Ni rahisi kununua na haichukui nafasi. Ni hiyo pia inayowachapa watu.

Sababu ni ya kimaumbile. Katika shawa nyingi za aina hii, waya wa koili uko wazi ndani ya maji. Maji matamu hupitisha umeme kidogo tu, kwa hiyo shawa iliyofungwa vizuri na kuunganishwa na waya wa ardhini huweza kufanya kazi kwa usalama. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Koili ileile, katika maji ya kisima chenye chumvi, huvujisha umeme mwingi zaidi kuingia ndani ya maji. Waya wa ardhini ukiwa mzima, umeme huo huenda zake ardhini. Waya huo ukiwa haupo, umekatika au umeliwa na kutu, njia iliyobaki ni mtu anayeoga.

Ndiyo maana watengenezaji huuza shawa za namna mbili, za maji matamu na za maji ya chumvi. Ile ya chumvi ina koili iliyofunikwa kwa ganda. Mkazi anayetumia maji ya kisima na kufungiwa shawa ya maji matamu amefungiwa kifaa kisicho chake, hata kama ni kipya cha leo. Katika hali hiyo hakuna cha kutengeneza. Kiondolewe.

Wengi wameuzoea mtekenyo wa umeme kwenye mfereji. Wapangaji huelekezana: vaa ndara, usiguse mfereji mpaka uzime, usisimame chini ya maji kabla hayajatiririka. Maelekezo hayo yanahatarisha maisha kwa sababu yanaifanya hitilafu ionekane tabia ya nyumba. Mtekenyo ni umeme unaopita mwilini. Leo ni mdogo kwa kuwa ngozi ilikuwa kavu kidogo au koili haijapasuka. Kesho hali inaweza kuwa nyingine, na anayeoga anaweza kuwa mtoto.

Linalotakiwa kufanywa ni hili: breka ya hita izimwe, isiwashwe tena na mtu yeyote wa nyumba hiyo, na fundi wa umeme aitwe. Fundi asianze na shawa, aanze na waya wa ardhini, kwa sababu shawa mpya kwenye nyumba isiyo na waya wa ardhini itaanza kuchapa shoti baada ya muda kama ile ya zamani. Fundi wa umeme nchini hupewa leseni na EPRA, na mteja ana haki ya kuomba kuiona. Mpangaji asiambiwe kwamba hilo ni jukumu lake. Nyaya zilizo ndani ya ukuta ni za mwenye nyumba.

Kuna kifaa kinachostahili kuwekwa katika kila nyumba yenye hita, nacho ni RCD. Breka ya kawaida hulinda nyaya zisiungue. Haimlindi mtu, kwa kuwa umeme unaotosha kuua ni mdogo mno kwa breka kuuhisi. RCD ya nyumbani hukata umeme ikigundua kwamba miliampea 30 zinavuja, na hufanya hivyo kabla moyo haujaathirika. Ina kitufe cha kujaribia, ambacho kibonyezwe mara moja kila mwezi. Ikiangusha umeme kila hita inapowashwa, isilaumiwe wala isiondolewe, maana inaonyesha kwamba koili imeoza.

Jambo jingine la nyaya hupuuzwa sana. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23 kwenye umeme wa volti 240, ilhali soketi ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Shawa inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi la breka na breka yake yenyewe. Waya ukipata moto ukiushika, au swichi ya bafuni ikiwa imebadilika rangi kuwa ya kahawia, hita inaweza kuwa nzima lakini nyumba iko katika hatari ya kuungua.

Koili ya ndoo nayo isisahaulike, maana nyumba zisizo na bafu la ndani huitegemea. Ganda lake likionyesha vishimo, ufa au madoa ya kijani, itupwe siku hiyohiyo, hata kama bado inachemsha. Chumvi hutoboa ganda hilo mapema, na baada ya hapo maji yote ya ndoo huwa na umeme. Ichomolewe kwenye soketi kabla ya mtu kutia mkono majini, kila mara. Haifai kabisa kuachwa kwenye ndoo chumba chenye watoto wadogo.

Tangi: kinachobadilishwa na kisichobadilishwa

Hita ya tangi ni kifaa cha subira zaidi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kung'oa kilichohitaji kutengenezwa au kutengeneza kilichokwisha kufa. Ndani ya ganda jeupe kuna tangi la chuma lililopakwa kitu kama kigae, koili, themostati, vali ya usalama, na fimbo moja ambayo wenye hita wengi hawajawahi kuisikia.

Fimbo hiyo, mafundi huiita anodi, kwa kawaida ni ya magnesiamu. Kazi yake ni kuliwa. Maji yenye chumvi hutafuta chuma dhaifu zaidi cha kushambulia, na magnesiamu ni dhaifu kuliko chuma cha tangi, kwa hiyo huliwa yenyewe kwanza. Fimbo ikiisha, zamu ya tangi inaanza, hasa kwenye maungio na mahali ambapo rangi ya ndani imepata nyufa. Kwenye maji matamu, fimbo hukaguliwa kila baada ya miaka 2 au 3. Kwa maji ya kisima cha Ramisi, ikaguliwe kila mwaka. Fimbo ni rahisi mno ikilinganishwa na tangi, na kuibadilisha ni kazi ya fundi bomba ya muda mfupi: kuzima umeme, kumwaga maji, kufungua nati, kutoa ya zamani na kuingiza mpya. Hita nyingi za pwani zinazokufa zikiwa na miaka 4 zimekufa kwa kukosa ukaguzi huu tu.

Tangi la chuma kisichoshika kutu huuzwa kama jibu la tatizo hili. Lisiaminiwe kupita kiasi. Kloraidi nyingi pamoja na joto hutoboa hata chuma hicho, kwa vishimo vidogo kama vya sindano na nyufa kwenye maungio. Kwa maji ya uchumvi wa wastani ni chaguo zuri. Kwa maji yasiyonyweka, hapana.

Zinapoonekana dalili, zisomwe hivi.

Maji yakiwa ya baridi kabisa ilhali umeme upo, kilichokufa karibu kila mara ni koili au themostati, na vyote viwili hubadilishwa. Si sababu ya kununua hita mpya, isipokuwa koili ikitolewa ionekane kwamba ukuta wa tangi nao una vishimo. Fundi mwangalifu humulika tochi ndani ya tundu la koili kabla ya kuweka mpya, na mwenye nyumba aombe kuangalia.

Mlio wa kugurumia au kutokota wakati maji yanapashwa hutoka kwa ukoko na mchanga uliolala chini ya tangi. Wakazi wa makamo wanaokumbuka kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi, kilichofungwa mwaka 1988, wanajua kwamba boila za kiwanda husafishwa ukoko kwa ratiba. Ya nyumbani nayo husafishwa, kwa kumwaga maji yote kupitia valvu ya chini na kukwangua koili. Wengi hudhani ukoko unakula umeme. Kwa kweli joto la koili iliyozama majini halina pa kwenda ila majini. Ukoko hufanya lichelewe kufika, koili ikizidi kuwa ya moto ndani yake hadi iungue. Mlio peke yake unadai usafi, hauhalalishi kununua hita.

Harufu ya mayai yaliyooza kwenye maji moto tu, huku maji ya kawaida yakiwa hayana harufu, hutokana na bakteria wa kisima wakikutana na fimbo ya magnesiamu. Hita ipashwe hadi nyuzi 60 au zaidi, imwagwe, ijazwe upya. Ikirudi, iwekwe fimbo ya aluminiamu na zinki. Wapo mafundi wanaomaliza harufu kwa kuitoa fimbo na kuacha tundu limezibwa. Harufu huondoka, na tangi hufuata baada ya muda mfupi.

Maji ya kahawia yanahitaji jaribio dogo. Ndoo moja nyeupe ijazwe kutoka upande wa baridi, nyingine kutoka upande wa moto. Zote zikiwa na rangi, tatizo ni mabomba au tangi la juu. Ya moto peke yake ikiwa na rangi, na ikabaki hivyo hata baada ya hita kumwagwa na kujazwa, chuma cha tangi kimeanza kuliwa. Fimbo mpya sasa inaweza kuchelewesha, haiwezi kuponya. Huu ndio wakati wa kuanza kuweka akiba ya hita nyingine, kabla haijavuja.

Kuvuja kunategemea mahali. Kwenye maungio ya bomba, ni nati na mpira. Kwenye flanji ya koili, ni gasketi. Kwenye vali ya usalama, huenda si ubovu: lita 50 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 26 hadi 60 huongezeka kwa zaidi ya nusu lita, na mahali ambapo maji hayo hayawezi kurudi nyuma bombani, hutokea pale. Vali hiyo isizibwe kamwe kwa kizibo, gundi wala kipande cha kijiti. Tangi lililofungwa kila upande huku likipashwa linaweza kupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Vali ikitiririka muda wote hata hita ikiwa imezimwa, ibadilishwe.

Lakini maji yakitoka kwenye mwili wa tangi lenyewe, yakidondoka kutoka ndani ya ganda la nje bila kiungo kinachoonekana, hita hiyo imekwisha. Kuichomelea au kuipaka gundi ya chuma ni kununua wiki chache. Umeme uzimwe, maji yafungwe, na tangi limwagwe kabla halijashuka na dari. Mahali maji yanapotoka nje, sufi ya ndani ya kuhifadhi joto tayari imelowa, na nyaya za koili ziko hapohapo.

Mita inasema nini

Anayedhani hita yake inakula umeme kupita kiasi anaweza kuhakikisha bila kumwita mtu. Hesabu ni hii: zidisha lita kwa nyuzi joto zinazoongezwa, kisha gawanya kwa 860. Jibu ni uniti. Tangi la lita 50, maji yakitoka nyuzi 26 hadi 60, yameongezwa nyuzi 34. Hamsini mara 34 ni 1,700, ukigawanya kwa 860 unapata karibu uniti 2. Vifaa vingine vyote vya nyumbani vizimwe, mita ya tokeni isomwe, hita iwashwe hadi ijizime, mita isomwe tena. Ikiwa imetumia 2 au zaidi kidogo, haina hatia, na bili itafutiwe sababu kwingine. Ikiwa imetumia 3 au 4, huenda themostati imekwama na maji yanachemka kupita kiasi, au mfereji wa moto unavuja mahali na hita inapasha maji yanayokwenda bure.

Jaribio la pili ni la usiku. Hita ipashwe jioni, izimwe, isiguswe hadi asubuhi. Tangi zima hutoa maji ya moto au angalau ya uvuguvugu mzuri. Maji yakiwa yamepoa kabisa, sufi imelowa au imeoza, na hiyo nayo haitengenezeki.

Namba hizo husaidia pia kuchagua itakayofuata. Lita 50 za maji ya nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya mfereji hutoa zaidi ya lita 100 za maji ya kuoga, yaani ndoo tano za lita 20. Nyumba ya watu wawili iliyokuwa na tangi la lita 100 haina haja ya kununua la lita 100 tena. Na nyumba inayohitaji ndoo moja ya kumwogeshea mzee asubuhi hutumia chini ya nusu uniti kwa kazi hiyo. Kwa nyumba kama hiyo, birika kubwa la umeme na ndoo ni jibu la heshima kabisa.

Kuhusu kutengeneza au kununua, mafundi wengi hutumia kipimo kimoja ambacho hakijapitwa: gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya hita mpya, na hita ikiwa imevuka nusu ya umri wake, isitengenezwe. Ramisi kipimo hicho kina nyongeza. Umri uhesabiwe kwa maji ya nyumba hiyo. Kama hita iliyotangulia ilivuja baada ya miaka 5, basi nusu ya umri wa hii ni miaka miwili na nusu, hata kama katoni ilisema 10. Uamuzi huo hubadilika tu ikiwa maji yenyewe yamebadilika, kwa mfano nyumba imeunganishwa na maji ya kampuni ya maji ya kaunti badala ya kisima, au mvua inavunwa na kutiwa kwenye tangi la juu. Maji ya mvua kwa hita peke yake, kisima kikibaki kwa shughuli nyingine, ni njia ambayo haijatumika vya kutosha hapa.

Sola

Kwa hita za jua, nyingi hung'olewa zote pale ambapo sehemu moja tu imekufa. Tyubu ya kioo iliyopoteza ombwe lake hujionyesha: doa la rangi ya fedha kwenye ncha yake hugeuka kuwa jeupe. Tyubu moja hubadilishwa peke yake. Tangi likivuja, paneli zinaweza kubaki na kufungiwa tangi jingine la kipimo kile. Kwa maji ya kisima, ichaguliwe ya mzunguko wa ndani, ambayo maji ya paneli hayachanganyiki na ya kuoga, la sivyo ukoko utaziba vibomba mapema. Ramisi iko kusini mwa ikweta, hivyo paneli hutazama kaskazini. Baadhi ya zinazoonekana juu ya mapaa zimefungwa kufuata mteremko wa paa tu, na mwenye nyumba hulaumu hita kwa kosa la mfungaji.

Siku ya kufunga mpya

Kifaa kiwe na alama ya ubora ya KEBS, na namba ya kibali chake ihakikiwe kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 20023 kabla ya kulipa. Anayeuziwa hita iliyotumika, hasa iliyotolewa kwenye jengo linalokarabatiwa, aombe fimbo ifunguliwe mbele yake. Muuzaji akikataa, bei iwe ya chuma chakavu. Themostati iwekwe nyuzi 60: chini ya hapo bakteria huweza kuzaliana katika maji yaliyotulia, na juu ya hapo ni kuharibu umeme. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo ya kuogeshea mtoto yachanganywe kwenye beseni, baridi kwanza, na yapimwe kwa kiwiko.

Hita ya zamani ikitolewa, waya wake ukatwe kabisa ili asitokee mtu wa kuifunga kwingine, kisha tangi liuziwe mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni. Hita mpya iandikwe tarehe ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Baada ya miezi 12 fimbo ifunguliwe. Ikitoka imeliwa zaidi ya nusu, ibadilishwe hapohapo na ukaguzi unaofuata uwe baada ya miezi 6. Ikitoka bado nene, irudishwe, nati ikazwe, na tarehe mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza.